Mtu wa Pili wa Chupa ya Achari

Palikuwa na nchi moja, na bado ipo, maana nimechungulia dirishani sasa hivi nikaiona. Jina lake sitalitaja. Si kwa kuogopa. Serikali yetu haina tabia ya kumtisha mtu, humwita tu aende akaeleze. Sitalitaja kwa sababu wasomaji wa nchi nyingine wanaweza kuona wivu.

Nchi hii ina Wizara ya Vifungashio. Nasikia kwingine kuna wizara ya maji. Sisi tuliona tuanze na chupa.

Wizara ilipata kazi kubwa siku Mheshimiwa Waziri alipokwenda kuzindua barabara. Lori la kiwanda cha betri lilikuwa limeegeshwa nyuma ya jukwaa, na pipa moja la tindikali likavuja taratibu mpaka miguuni pake. Viatu vyake viliyeyuka akiwa anahutubia. Alihutubia dakika arobaini zaidi kwa soksi, na wengi wetu tulilia kwa ushujaa ule, ingawa wengine walisema ni moshi.

"Ndugu wananchi," alisema, akinyanyua mguu mmoja kisha mwingine, "ukali sasa basi. Kuanzia leo, kitu chochote kikali kitakachosafiri ndani ya mipaka yetu kitafungwa, kitafungwa tena, na baada ya hapo kitafungwa."

Ndivyo tulivyopata Sheria ya Vitu Vikali.

Kamati ya wataalamu ilikaa miezi kumi na mmoja kutafuta maana ya neno "kali". Walikuwa waangalifu sana, hawakutaka kitu kiwaponyoke. Walirudi na orodha: pilipili kali, wembe mkali, dawa kali, mbwa mkali, jua kali, baridi kali, mwalimu mkali, na maneno makali. Bunge liliipitisha likiwa limesimama, kwa sababu viti vilikuwa vimepelekwa kukaguliwa ncha.

Mwalimu mkuu wa shule ya hapa mtaani alihamishiwa mkoa mwingine mwezi uleule. Alisafirishwa kwa mujibu wa sheria, akiwa amezungushiwa maranda ya mbao na mshale wa kuonyesha upande wa juu. Alifika salama. Wanasema ukali umempungua, na kwamba mpaka leo akisimama darasani hutafuta mshale.

Mimi nilikuwa nikisikia haya yote redioni, nikipepeta mchele. Sikudhani yananihusu.

*

Nina mtoto mmoja, Mashavu. Hapa mtaani wananiita Mama Mashavu, na kwa miaka mitatu kila aliyeniita alimtaja yeye bila kujua.

Mashavu anaishi Mji wa Pili, safari ya siku moja na nusu kwa basi. Anashona sare za shule. Baba yake, marehemu Shomari, alipofariki, tulimpigia simu asubuhi. Akapanda basi saa ileile. Lakini siku ile barabara ilifungwa ili mkubwa mmoja apite, na mkubwa akabadili mawazo, na aliyetakiwa kuifungua barabara hakuambiwa. Mashavu alifika tumeshazika. Aliingia na mkoba wake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani katikati ya wanawake, sina hata chozi lililobaki, na badala ya kumpokea nilisema kwa sauti ya kusikika: "Mpeni pilau huyu mgeni. Ndiyo aliyoifuata."

Aliweka mkoba, akanawa, akamwombea baba yake, akachukua mkoba.

Siku ile watu wote waliniambia pole. Walipanga mstari kuniambia. Yeye ndiye pekee aliyekuwa amefiwa na baba, na sikumbuki kama kuna mtu alimwambia. Mimi sikumwambia.

Mwaka huu mama mmoja muuza vitambaa aliyepitia Mji wa Pili aliniambia kwamba Mashavu ana mtoto wa kiume, anatambaa. Nilipata ubibi kama tunavyopata habari za mawaziri wapya, kwa kusikia. Jina la mtoto hakulijua. Lakini alinisaidia kubeba kapu mpaka mlangoni, na alipoona nimekaa kimya akajifanya kamba ya kiatu imelegea, akainama akashughulika nayo mpaka nikamaliza kujifuta. Alikuwa amevaa kandambili.

Siku ya pili yake nilichuma ndimu. Mashavu alikuwa akipenda achari yangu ya ndimu tangu hajaota magego. Niliikata, nikaitia chumvi na pilipili, nikaianika siku tisa, nikaijaza katika chupa ya kahawa na kuacha nafasi kidogo juu ili isisukume kifuniko. Nilitaka imfikie. Simu nisingeweza. Nilishaishika mara nyingi, nikairudisha mezani.

*

Posta ya mtaa wetu ina dirisha moja na karani mmoja, Bwana Sefania. Ni mtu mrefu aliyepinda kidogo, kwa sababu Kitabu cha Kanuni za Vitu Vikali kina uzito wa kondoo na ni lazima kipandishwe mezani kila anapofika mteja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mgongo."

"Nimeshapoa, mama," alijibu, huku ameshika kiuno.

Alinipa kiti chake. Dirishani hakuna kiti cha mteja. Alikipitisha chake kwa mlango wa pembeni, yeye akabaki wima. Kisha akanipa fomu. Swali la kwanza lilikuwa: *Je, bidhaa hii ni kali? Jibu Ndiyo au Hapana.*

"Mama Mashavu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi sasa nageuka kutazama kalenda. Nitaitazama muda mrefu. Wewe andika unavyoona."

Akageuka. Nilielewa alichokuwa akinifanyia. Lakini nilifikiri: nimeshamkosea Mashavu mara moja. Kumpelekea karatasi yenye muhuri wa serikali inayosema achari ya mama yake si kali, hiyo itakuwa mara ya pili. Nikaandika Ndiyo.

Bwana Sefania alipogeuka na kuona, alifumba macho kidogo, akavuta droo ya chini.

Wakati huo lori la kiwanda cha betri lilipita nje. Dirisha lilitetemeka, na harufu ikaingia ikatukaa kooni. Mapipa yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya katani, na moja lilikuwa likiacha mstari barabarani, mstari ukitoa moshi.

"Na lile?" nikauliza.

"Lile ni tindikali, mama."

"Naona."

"Tindikali ni neno moja. Mashine ya wizara inatafuta 'kali' iliyosimama peke yake. Wao hawaguswi."

"Kwa hiyo ningeandika acharikali."

"Umeshaandika kwa wino," akasema kwa huzuni.

*

Sheria inataka chupa iangushwe kabla ya kusafiri, ili ijulikane kama inaweza kuanguka. Kwa hiyo ilinibidi niandae chupa tatu: moja ya kuangushwa, moja ya kukaliwa, na moja ya kutumwa.

Mkaguzi wa Maanguko alikuja kutoka wilayani. Alipanda ngazi mpaka juu ya paa la posta, akasoma hotuba fupi kuhusu usalama wa taifa, akaiachia chupa. Ilivunjika vipande ambavyo sikuweza kuvihesabu. Aliteremka akajaza cheti: *Imefaulu kuanguka.* Ya pili ilitiwa ndani ya boksi, naye akakalia boksi hilo kwa muda wote wa chai na mandazi mawili. Lilibonyea kidogo, akaandika: *Imevumilia.* Kabla ya kuondoka alikusanya vigae kwa mkono wake, mtu mkubwa kama yule, asije mtu akajikata. Nililiona hilo na nimeliweka moyoni.

Ikabaki ya kutumwa. Kanuni inasema chupa ifungwe kwanza kwa kitu kinachoweza kunywa maji yote iwapo itavuja. Nyumbani sikuwa na kitu kinachonyonya vizuri zaidi ya shati la kazi la marehemu, la pamba, la kijivu. Nililizungusha mara mbili nikafunga mikono yake kwa mbele. Juu ya hapo mfuko wa plastiki, kisha maranda, kisha boksi la biskuti, kisha boksi la pili. Mishale miwili ya kuonyesha juu, mmoja kila ubavu.

Lebo za fuvu zilikuwa zimekwisha nchi nzima. Wizara ilikuwa imeagiza zitumike zile za kubandika kwenye mageti. Bwana Sefania alibandika moja taratibu, akalainisha pembe zake kwa kidole gumba. Ilikuwa na picha ya meno, na chini yake: MBWA MKALI.

"Angalau watalishika kwa heshima," alisema.

*

Ndani ya boksi niliweka barua. Kumbe barua nayo husomwa, kwa sababu ya maneno makali.

Niliandika: *Mwanangu Mashavu, nisamehe kwa maneno makali niliyokwambia siku ya msiba wa baba yako.*

Bwana Sefania aliisoma midomo ikichezacheza. Akachukua kalamu nyekundu, akaona aibu, akaiweka chini.

"Mama, hapa pana maneno makali."

"Hayamo. Nimeyataja tu."

"Sheria haitofautishi. Yakiwemo, yanataka boksi lake na cheti chake cha kuangushwa."

"Yalishaangushwa hayo, mwanangu. Mbele za watu."

Akanipa karatasi nyingine kutoka kwenye daftari lake mwenyewe, kwa sababu za serikali hutolewa moja kwa kila mteja.

Katika ya pili nilieleza kila kitu, barabara iliyofungwa, mkeka, jinsi nilivyolala miaka hii mitatu. Ilikataliwa kwa sababu mstari wa saba ulikuwa na uchungu mkali. Karatasi ya tatu ilikuwa kipande tu, ukubwa wa kiganja. Niliketi nayo kitini pa Bwana Sefania mpaka jua likahamia upande wa pili wa chumba. Mwisho niliandika: *Mashavu, pole. Mama.*

Aliisoma. Yalikuwa maneno matatu, lakini aliyasoma muda mrefu kuliko zile barua mbili. Akaikunja mara mbili.

"Hii haihitaji kifungashio," alisema.

*

Nilidhani tumemaliza. Likabaki swali la mwisho: *Mtu wa pili.*

Kila mzigo mkali lazima uwe na mtu wa pili, ambaye namba yake huandikwa ubavuni mwa boksi kwa tarakimu kubwa. Mzigo ukileta matata njiani, askari wa kituo humpigia saa yoyote, naye awaambie la kufanya. Hawezi kuwa mtumaji, kwa kuwa mtumaji huenda ameshadhurika. Hawezi kuwa mpokeaji, kwa kuwa anangoja kudhurika. Awe mtu wa tatu, anayeitwa wa pili.

"Nitajie tu mtu yeyote aliye karibu nawe, mama."

Nilitoa simu yangu. Ina namba tatu. Ya kwanza ni ya watu wa umeme. Ya pili ni ya Mashavu. Ya tatu ni ya Shomari, sijaifuta.

"Mume wangu," nilisema, "ila amefariki."

"Marehemu hawaruhusiwi," alisema taratibu. "Kuna waraka."

"Watu walikuwa wakiwajaza?"

"Wengi, mama."

Jirani yangu wa ukutani, Bi Nuru, alikwisha hamia kwa mwanawe. Wa ng'ambo ya njia wamepangisha kwa kampuni, na kampuni haina jina la kuitia. Niliwapitia moyoni wote ninaowajua, mmoja mmoja, kama mtu anayepapasa rafu gizani. Boksi lilikuwa mezani, tayari, likionyesha meno. Wenzake walikuwa wameanguka na kukaliwa, na barua yake imesomwa. Na sasa lingerudi nyumbani kwa sababu mwenyewe sikuwa na mtu.

Bwana Sefania alichukua kalamu ya wino mzito akaandika namba ubavuni mwa boksi. Aliiandika bila kutazama popote.

"Ni ya nani hiyo?"

"Yangu."

"Na wewe ni mtu wa pili wa mizigo mingapi?"

"Huu ni wa arobaini na mbili."

"Na wa nyumbani kwako wanasemaje, simu ikilia usiku kucha?"

"Akina nani?" aliuliza.

Nikamwambia basi aandike namba yangu mahali, kwa ajili ya atakayekuja naye hana. Aliiandika kwenye kalenda.

*

Haikupita wiki, simu yangu ikalia. Nilikuwa nimesahau mlio wake, nikadhani ni redio.

"Hapa ni Koplo Ngwali, kituo cha ukaguzi namba tatu," sauti ilisema. "Wewe ndiye mtu wa pili wa mzigo wa Bwana Ndosi?"

Bwana Ndosi simjui. "Ndiye mimi," nikasema.

"Ni wembe. Unamwendea mwanawe. Sasa, umelala kwa ubavu, mshale unatazama kulia. Nifanye nini?"

"Uinue taratibu, mwanangu, uusimamishe."

"Umesimama. Mama, sauti yako kama umetoka kuumwa."

"Sijaumwa. Sijaongea tu."

"Basi kesho nitapiga kuulizia wembe," alisema, ingawa wembe ulikuwa unaondoka jioni ileile. Na kesho yake alipiga, saa nne, na siku zilizofuata pia.

Boksi langu nalo lilikuwa njiani. Askari walimpigia Bwana Sefania kila kituo, naye kila akipigiwa alivuka barabara baada ya kufunga dirisha, akasimama mlangoni pangu. "Limefika kituo cha pili, limetulia." "Limefika cha nne. Waliogopa kulifungua kwa sababu ya mbwa." Hakuwahi kuingia; alikunywa maji wima akarudi.

Siku boksi lilipokuwa linaingia Mji wa Pili, lori la tindikali lilipinduka mbele ya jengo la wizara. Ngazi za mbele ziliyeyuka zote, na watumishi walitolewa kwa madirisha. Waziri alihutubia akiwa amebebwa mgongoni na dereva wake. Alisema uchunguzi umegundua kwamba kosa halikuwa la lori, wala pipa, wala kamba ya katani. Kosa lilikuwa la jina, ambalo lilikuwa limeficha ukali ndani yake kwa muda mrefu bila wizara kujulishwa. Kuanzia saa hiyo tindikali ingeitwa tindipole. Watu walipiga makofi. Nasikia tangu hapo hakuna ajali hata moja ya tindikali iliyoripotiwa.

*

Siku nne zikapita bila habari. Ya tano Bwana Sefania alivuka barabara mchana, dirisha likiwa wazi na watu wakiwa kwenye foleni. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo.

"Kuna mtu kanipigia," alisema. "Si askari. Mwanamke. Kaiona namba kwenye boksi. Kaniuliza, wewe ni nani kwa mama yangu?"

Nilishika fremu ya mlango. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mimi ni karani wa posta. Akauliza, kwa nini posta? Mama amepatwa na nini mpaka boksi lake lina namba ya posta?"

"Nawe?"

"Nikamwambia ukweli, mama. Nisamehe. Nikamwambia kwamba fomu ilitaka mtu, na hukuwa na mwingine."

"Akasema nini?"

"Nilisikia mtoto tu. Halafu akakata."

Alitaka kubaki, nikamwambia arudi kwa watu wake wa foleni. Aliondoka kinyumenyume mpaka ukingo wa barabara.

Nikakaa mezani, simu mbele yangu. Ilipolia nilijua si Koplo Ngwali, maana yeye hupiga saa nne.

"Mama."

"Mashavu."

Nyuma yake mtoto alikuwa analia kwa hasira, kilio kile cha mtu aliyedhulumiwa.

"Nani analia?"

"Kachovya kidole kwenye achari. Nilimwambia."

"Imefika salama?"

"Imevuja kidogo. Shati la baba limekunywa yote. Nimelifua, nimelianika. Mama, mbona umebandika mbwa?"

"Serikali."

Alicheka kidogo, kwa pua, kama zamani anapokuwa hataki kucheka.

"Mpe sukari huyo mtoto," nilisema. "Anaitwa nani?"

"Shomari."

Jina hilo nililiita nyumbani humu miaka thelathini na minane, asubuhi na jioni. Niliweka mkono mdomoni ili asinisikie. Kule nako kilio kikapungua. Nafikiri alikuwa amembeba. Nilisikia karatasi ikikunjuliwa, karatasi ndogo, na nikajua ni ipi, na kwamba alikuwa anaisoma tena, kwa sababu ilimchukua muda mrefu.

"Nimeshapoa, mama," alisema Mashavu.